Shajara ya mradi: "Mpangaji", mchezo wa kutisha wenye vyumba kumi na kimoja

Siku ya 3

Nimeanza. Ni mchezo wa kutisha, wa aina ile ya kunusurika: uko ndani ya jengo usilolijua, kuna kiumbe anakusaka, una vitu vichache, na kazi yako ni kutoka ukiwa hai. Natumia Godot, programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, nafanya kazi peke yangu jioni. Hadi sasa nina vyumba kumi na kimoja na ukumbi mmoja mrefu, vyote masanduku ya kijivu. Kiumbe mwenyewe ni silinda nyekundu yenye urefu wa mita mbili.

Nimejiwekea sharti moja: sichori kitu wala siweki muziki mpaka silinda hii imtishe mtu. Nimeona miradi mingi ya kutisha, miwili ikiwa yangu, iliyoanza na sura ya jini lenye meno na kuishia hapohapo. Sura inatisha mara ya kwanza. Mara ya pili unahesabu meno.

Jina la muda ni "Mpangaji". Alipanga chumba ghorofa ya juu, wenzake wote wakahama, yeye akabaki. Kodi halipi.

Siku ya 8

Wiki hii sikuandika msimbo wa maana, nilikuwa nacheza michezo ya zamani. Ulionishangaza zaidi ni 3D Monster Maze wa mwaka 1981, alioutengeneza Malcolm Evans kwa kompyuta ya ZX81. Mashine ile ilikuwa na rangi nyeusi na nyeupe tu, haikuwa na sauti, na mchezo wenyewe ulihitaji kumbukumbu ya kilobaiti 16. Uko ndani ya mzingile, na dinosaria mla nyama yumo humo. Msaada unaopata ni mstari mmoja wa maandishi chini ya skrini: anakungoja, anakuwinda, nyayo zinakaribia, amekuona.

Mstari ule unakuambia hali yake ila, mpaka awe amekufikia kabisa, haukuambii upande alipo. Ukisoma kwamba nyayo zinakaribia, unageuka kushoto, ukuta. Unageuka kulia, ukuta. Kila kugeuka kunakula muda ambao ungeutumia kukimbia. Mwaka uliofuata Atari ikatoa Haunted House, ambamo mchezaji ni jozi ya macho gizani, ana viberiti, na anaruhusiwa kubeba kitu kimoja tu kwa wakati. Kwa hiyo uhaba, giza na mkoba mdogo vilikuwapo kabla hata aina hii ya michezo haijapata jina.

Nimeiga mstari ule kwenye vyumba vyangu vya kijivu kwa saa moja, kujaribu tu. Mimi ndiye niliyeandika mwendo wa silinda, najua inakwenda mita ngapi kwa sekunde, na bado nilijikuta nimebana pumzi.

Siku ya 15

Mlango. Siku sita nzima kwenye mlango.

Mwanzoni ulibonyeza kitufe, ukafunguka, ukapita. Nikakumbuka Resident Evil ya Capcom ya 1996: kila ukihama chumba, skrini inakuwa nyeusi na mlango mmoja unafunguka taratibu mbele yako. Kazi yake halisi ilikuwa kuficha muda ambao PlayStation iliuhitaji kusoma chumba kinachofuata kutoka kwenye diski. Lakini waliocheza hawakumbuki diski. Wanakumbuka ule mlango, na moyo kudunda wakiusubiri.

Nilitaka kusubiri kule, ila kuwe mkononi mwa mchezaji. Sasa kila mlango una kitasa kizito. Unashikilia kitufe, kitasa kinazunguka kidogokidogo kwa sekunde mbili na nusu, na muda wote huo macho yako yanatazama mbao za mlango. Ukiachia kabla hakijamaliza, kinarudi mwanzo. Kwa Mpangaji sikugusa chochote: mwendo uleule, silinda ileile.

Nikamwita mdogo wangu ajaribu. Huyu ni mtu anayecheka kwenye filamu za mizimu. Akafika mlango wa pili, akasikia hatua ukumbini, akashika kitufe. Kitasa kilipofika theluthi mbili akaachia, akageuka. Hakuna mtu. Akashika tena, akaachia tena, akageuka. Hakuna mtu. Mara ya tatu akasema bila kuondoa macho kwenye skrini, "Kaka, huyu mtu wako yuko wapi?"

Mtu wangu alikuwa ghorofa ya juu, amekwama kwenye kona ya ngazi kwa sababu ya hitilafu, anapiga hatua papo hapo. Hajatembea hata mita moja tangu mchezo uanze.

Nadhani hapa nimepata kitu cha kuegemeza mradi wote. Taharuki inaingia pale mchezaji anapojifunga: anaanza tendo linalochukua muda, kuliacha katikati kuna gharama, kulimaliza nako kuna gharama. Katika zile sekunde mbili na nusu mimi sifanyi kazi yoyote. Anajitisha mwenyewe.

Baada ya hapo nikaanza kukiona kitu hicho kila mahali. Resident Evil 4 ya 2005: ukiinua bunduki, miguu inaganda, kulenga ni kukubali kusimama. Fatal Frame ya 2001, ambayo silaha yake ni kamera: kadiri unavyomwacha mzuka asogee, ndivyo picha inavyomuumiza zaidi, kwa hiyo ushindi unataka usimame umtazame akija. Hakuna ugumu wowote wa kiufundi hapo, ni kitufe na saa tu.

Vipimo, nisije nikasahau. Kwa sekunde moja hakuna mjaribu aliyegeuka. Kwa sekunde nne waligeuka mlango wa kwanza, kufikia wa tano wakaanza kulalamika. Mbili na nusu inatosha. Nimeongeza pia uongo mdogo: kitasa kikishavuka nusu, Mpangaji anapunguza mwendo kwa theluthi. Mchezaji anapita mlangoni akiamini amenusurika kwa unywele, na mara nyingi ni mimi niliyemnusuru.

Siku ya 19

Hitilafu ya ngazi nimeirekebisha, kisha nikairudisha kwa makusudi. Mara mojamoja Mpangaji sasa husimama mahali na kupiga hatua bila kwenda popote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini lazima nyoka amuume kwanza: nimeweka sharti kwamba hatua za uongo zisisikike kabla mchezaji hajafukuzwa angalau mara moja kwelikweli. Kabla ya hapo ni kelele tu.

Siku ya 29

Mkoba, na jambo ambalo sikulitarajia.

Katika Resident Evil ya kwanza unachagua mhusika mmoja kati ya wawili: Chris ana nafasi sita za kubebea vitu na Jill ana nane. Tofauti ya nafasi mbili inageuza mchezo mzima, maana ufunguo unakula nafasi, dawa inakula nafasi, hata utepe wa wino wa kuhifadhia mchezo unakula nafasi. Mimi nilianza na kumi, ukarimu wa kijinga. Wajaribu waliokota kila walichokiona bila kufikiri. Nikashusha hadi nne, na hapo mmoja wao akasimama mbele ya fyuzi ya lifti kama mtu aliye dukani na hela haitoshi. Akaacha betri, akabeba fyuzi, akarudi gizani kwa hiari yake. Sikumlazimisha. Giza lile alilinunua mwenyewe, na nilimwona jinsi alivyotembea humo: ameegemea ukuta, anasimama kila baada ya hatua chache.

Swali likawa, vitu anavyoviacha vinakwenda wapi? Resident Evil ina masanduku ya kuhifadhia, na ukiweka kitu kwenye sanduku moja unakikuta kwenye lingine. Resident Evil Zero ya 2002 iliyaondoa masanduku, ukawa unaacha vitu sakafuni na vinabaki palepale. Nikachagua sakafu, kwa uvivu tu. Sanduku lingehitaji skrini nyingine nzima.

Halafu juzi usiku, nikipitia orodha ya kazi, nikalisoma jina la mchezo wangu kana kwamba sijawahi kuliona. Mpangaji. Anayepanga nyumba ni mpangaji. Anayepanga vitu naye ni mpangaji.

Kwa hiyo sasa anavipanga. Ukiacha betri sakafuni ukaenda zako, na yeye akapita katika chumba hicho, ukirudi unaikuta juu ya meza, imesimama wima. Ukiacha vitu vitatu ovyo unavikuta vimepangwa mstari kwa urefu. Hajaiba, hajavunja. Ametengeneza tu.

Ni mistari kama arobaini ya msimbo. Na ndiyo sehemu inayotisha kuliko zote, kuliko hata kufukuzwa. Mdogo wangu alirudi kuchukua fyuzi, akaikuta mezani, akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama iliwahi kuwa sakafuni. Alijua jibu. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia hapana.

Toleo la kwanza la jambo hili lilikuwa baya, na nataka kukumbuka kwa nini. Nilimruhusu Mpangaji ahamishe vitu hadi vyumba vingine. Wajaribu hawakuogopa, walikasirika. Kitu kimepotea, hawajui kwa sababu gani, wanaanza kupekua jengo zima wakinung'unika, na mtu anayenung'unika hasikilizi hatua za ukumbini. Sasa ni mwiko: kitu hakitoki chumba ulichokiacha. Unakipata ndani ya sekunde tano, na ile hofu inabaki safi, haijachanganyika na kero.

Siku ya 35

Bastola. Risasi tano, unazijaza moja moja, kila moja sekunde moja na robo. Kwenye karatasi ilikuwa inafuata kanuni yangu ya mlango kabisa.

Wajaribu wanne kati ya watano walimaliza mchezo na risasi zote tano. Akiba haiozi. Wa tano alizitumia zote kwenye dakika ya kwanza, akimfyatulia kabati.

Tatizo ni kwamba risasi yangu haikuwa na deni lolote. Resident Evil iliyotengenezwa upya mwaka 2002 ilipata dawa nzuri: maiti uliyemwangusha anarudi baadaye akiwa mwepesi na mkali zaidi, isipokuwa umemchoma moto au umempasua kichwa. Mafuta ya taa ni machache na hayo nayo yanakula nafasi mkobani. Kwa hiyo kila ushindi unaacha mzigo kwenye njia utakayopita tena. Ila ile ni nyumba yenye maiti wengi. Mimi nina mpangaji mmoja.

Nilijaribu kufanya risasi imzubaishe kwa sekunde ishirini. Ikawa mbaya zaidi: wakaanza kumtafuta ili wampige kisha wafanye shughuli zao kwa amani. Nimeitoa bastola. Kazi ya siku tatu imekwenda na maji, pamoja na mlio mzuri wa risasi niliourekodi kwa kugonga rula mezani.

Siku ya 43

Kuhifadhi mchezo. Nitakuwa mfupi kwa sababu bado nina uchungu.

Nilianza na njia kali: sehemu tatu tu za kuhifadhi, na kila moja inatumika mara moja. Nilivutiwa na Alien: Isolation ya 2014, ambamo unahifadhi kwenye vituo maalumu, unasubiri taa ziwake, na katika kusubiri huko unaweza kuuawa. Kuhifadhi kwenyewe kumegeuzwa kuwa kitasa cha mlango. Hofu ya njia hii inagusa kitu halisi, yaani dakika za maisha ya mchezaji. Ukiwa na dakika ishirini na tano ambazo hujazihifadhi, kila kona inakuwa na uzito.

Mjaribu mmoja akazipoteza hizo ishirini na tano. Hakupiga kelele. Aliweka pedi mezani taratibu, akasema ana safari kesho asubuhi.

Waliobaki walinifundisha jambo jingine. Wakifa mara tatu mahali pamoja, Mpangaji anarudi kuwa silinda nyekundu. Wanamzungumzia hivyo: "silinda inageukia hapa, subiri ipite." Ameshakuwa ratiba. Kifo cha kwanza kinathibitisha kwamba hatari ipo, cha pili kinafundisha, cha tatu kinaua hofu yenyewe. Kwa hiyo nimelegeza: vituo vitano, unavitumia utakavyo, ila kuhifadhi kunachukua sekunde sita na mashine inalia. Na ukifa mara mbili mahali pamoja, mara ya tatu anakuwa amebadili njia. Simwambii mchezaji.

Siku ya 54

Mwanga na sauti.

Nilikaribia kuweka redio. Silent Hill ya Konami, 1999, ina redio ya mfukoni inayokwaruza jini akiwa karibu. Ni mstari ule wa maandishi wa 1981 uliopewa sauti: yupo, ila hukuambiwa wapi. Na ukungu wa mji ule, ambao kila mtu anausifu, ulisaidia kuficha kwamba PlayStation isingeweza kuchora mitaa ya mbali. Udhaifu wa mashine uliwafaa. Mimi sina udhaifu huo, kompyuta yangu inachora vyumba kumi na kimoja vya kijivu bila kutoa jasho. Na redio ingekuwa yao.

Alien: Isolation ina kifaa kinachoonyesha kiumbe alipo, lakini ukikiinua macho yako yanaacha kuona vizuri mbele, na akiwa karibu anaweza kukisikia. Taarifa ina bei. Hilo ndilo nimelichukua, nikaliweka kwenye tochi. Betri nimezifuta. Sasa tochi ni ile ya kuzungusha mpini kwa mkono: unazungusha sekunde sita, unapata mwanga wa sekunde arobaini. Na mpini unakereza. Anausikia kutoka vyumba viwili mbali.

Kitufe kimoja tu, lakini tazama maswali yanayotoka humo. Nizungushe sasa nikiwa mbali naye, au nisubiri nione kama nitauhitaji? Nimefika sekunde ya nne na nimesikia hatua, niache au nimalize? Mwanga unafifia na niko katikati ya ukumbi, nirudi au niende gizani? Jana nilimtazama mjaribu akifungua mlango huku tochi inazimika. Sikuwa nimepanga mambo mawili yale yakutane. Kitasa kikiwa nusu, mwanga ukafa, na yeye akaendelea kushikilia kitufe huku amefumba macho. Macho yake halisi, pale kwenye kiti.

Siku ya 60

Mpangaji sasa ana akili mbili. Hili nalo nimelisoma kwa kiumbe wa Alien: Isolation: kuna msimamizi wa juu anayejua mchezaji alipo daima, na kiumbe mwenyewe asiyejua, anayepewa tu fununu kwamba aelekee upande fulani, kisha atafute kwa macho na masikio yake. Hivyo hatokei mgongoni kwako kwa miujiza, na wakati huohuo haendi kupotelea upande wa pili wa jengo.

Msimamizi wangu ni namba moja, kuanzia 0 hadi 100. Inapanda Mpangaji akiwa karibu au akionekana, inashuka akiwa mbali. Ikipita 70, anaitwa aende zake kwa dakika moja na nusu. Left 4 Dead ya 2008 ilikuwa na msimamizi wa aina hiyo anayepandisha na kushusha kasi ya mashambulizi. Bila kushuka, watu wanachoka. Nilipima: akiwa karibu dakika nane mfululizo, mjaribu anaanza kukimbia ovyo, hajali tena. Akipumzishwa dakika moja, hatua ya kwanza inayofuata inamrusha kitini.

Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, wamesema, ila kwenye mchezo simba lazima aende kimya kisha akohoe kidogo. Asipokohoa kabisa, mtu anamsahau.

Siku ya 63

Rafiki alinishauri niweke sura inayochomoza ghafla kabatini na mlio mkubwa, maana "watu wanapenda". Nimeiweka. Mjaribu akaruka, akacheka, kisha akatembea vyumba vinne vilivyofuata kwa raha, kama aliyeshalipa deni. Nimeitoa jioni hiyohiyo.

Siku ya 71

Wajaribu watatu wapya, hawajawahi kuona mchezo huu, na sikuwaambia chochote zaidi ya vitufe. Wawili walitoka jengoni. Wa tatu alifika mlango wa mwisho, akaweka mkoba wake sakafuni ili abebe ufunguo, akaenda kuzungusha tochi chumba cha jirani, akarudi, akakuta vitu vyake vinne vimepangwa mstari kwa urefu mbele ya mlango. Alisimama hapo dakika nne. Nilikuwa na saa. Halafu akavua hedifoni na kusema amechoka, atamalizia siku nyingine.

Hakumwona Mpangaji hata mara moja. Alipokuwa anavaa viatu aliniuliza ana macho mangapi.

Yaliyobaki: ngazi ya nyuma bado inapitisha mwanga ukutani. Mlio wa mpini unakatika ghafla badala ya kufifia. Kituo cha tatu cha kuhifadhi kiko karibu mno na cha pili. Na sharti langu la siku ya 3 limetimia, kwa hiyo sina tena kisingizio cha kutochora. Nimefungua karatasi mara mbili wiki hii. Mara zote mbili nimechora kila kitu kilichomo chumbani mwake, kitanda, sufuria, viatu vimepangwa chini ya dirisha, nikaishia hapo.